Afisa wa Kuazimwa: Habari za Jenerali Lloyd Mathews



Vijana wetu wa madrasa wakiulizwa jinsi pwani hii ilivyotoka mikononi mwa wenyewe, hujibu kwa neno moja: mizinga. Nao hawakusema uongo. Bagamoyo ilipigwa mizinga, Saadani ilipigwa mizinga, na jumba la Sultani huko Unguja lilibomolewa kwa mizinga asubuhi moja kabla jua halijakuwa kali. Lakini mzinga huja mwisho. Hutanguliwa na mambo mengine yasiyo na kishindo, na kwa sababu hayana kishindo watu huyasahau upesi. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeyafanya mambo hayo ya kimya. Jina lake Lloyd William Mathews, afisa wa manowari za Kiingereza, ambaye aliwatumikia Masultani watano wa Unguja na akafa akiwa waziri wao mkuu. Huku kwetu Lugoba hatujapata kumsikia mzee akimtaja, wala si ajabu, kwani hakupata kutupiga. Hata hivyo kazi yake ilitufikia.

Kabla hatujaendelea, na tukumbushane somo moja dogo. Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Imamu Shafii uko mlango wa ariya, yaani kuazimana. Kila mwanafunzi aliyeupitia ajua hukumu zake. Kitu cha kuazima manufaa yake ni ya aliyeazima, lakini milki yake yabaki kwa mwenyewe. Mwenyewe aweza kukitaka wakati wowote apendao, na aliyeazima naye aweza kukirudisha wakati wowote apendao. Twawaomba wasomaji wayashike haya mambo mawili, la kukitaka na la kukirudisha, kwani habari yote ya Mathews imezunguka hapo.

Mathews alizaliwa Madeira mwaka 1850. Akatiwa katika manowari mwaka 1863, naye ni mtoto wa miaka kumi na mitatu tu, umri ambao watoto wetu wengi hawajamaliza juzuu zao. Akapigana vita vya Waashanti katika Afrika ya Magharibi mwaka 1873 na 1874, akapewa cheo cha Luteni. Mwaka 1875 akaletwa Unguja katika manowari iitwayo London, meli kuukuu iliyotiwa nanga mbele ya mji iwe kama kambi ya mabaharia. Kazi ya mabaharia hao ilikuwa kutoka kwa mashua, kuyavizia majahazi baina ya Unguja, Pemba na Mrima, na kuyakamata yaliyochukua watumwa.

Aliyekuwa akitawala wakati huo ni Seyyid Barghash bin Said, ambaye aliwajua mabaharia wa Kiingereza siku nyingi. Mwaka 1859, alipoasi juu ya ndugu yake Seyyid Majid, ni mabaharia hao waliosaidia kuzivunja nguvu zake, naye akapelekwa Bombay. Alipokalia kiti mwaka 1870 hakupata hata kupumzika. Mwezi wa Aprili 1872 ikavuma tufani iliyovunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza wakamletea mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini, wakamwambia kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa kwa manowari. Hakuwa na merikebu za kupigania wala mazao ya kuuza. Akatia saini tarehe 5 Juni 1873.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi yetu hawapendi kulisikia. Mlango ambao Mathews aliingilia tuliufungua sisi wenyewe. Misafara iliyowaleta watu shingoni wamefungwa ilipita katika njia za nchi hii yetu, kutoka Unyamwezi na mbali zaidi hadi Bagamoyo na Saadani, na miongoni mwa waliowaendesha walikuwamo watu wenye kuswali na kufunga. Kuvamia kijiji usiku na kuwateka watu huru ili wauzwe si jambo lililoruhusiwa na sheria yetu hata kidogo. Mtume wetu, Sala na Amani zimshukie, amemhesabu mwenye kumuuza mtu huru miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiama. Wako waliokuwa wakiyasoma hayo msikitini na kutoka nje kwenda kuhesabu shehena. Basi Waingereza walipokuja na neno la haki vinywani mwao, sisi hatukuwa na neno la kuwajibu. Kwamba nyuma ya haki hiyo walikuwa na mambo mengine, hilo ni kweli; lakini haki ilikuwa haki.

Mwaka 1876 Seyyid Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa katika bara na pwani pia. Amri ikatoka, wa kuitekeleza nani? Askari wake walikuwa Waarabu na Wabulushi wachache, waliozoea kulinda ngome na kupokea posho. Balozi wa Kiingereza, Sir John Kirk, akashauri liundwe jeshi jipya la mtindo wa Kizungu, na Serikali ya Kiingereza ikatoa bunduki 500. Wa kulifundisha jeshi hilo naye alikuwa tayari, yuko pale pale bandarini. Mwezi wa Agosti 1877 Luteni Mathews akaazimwa kutoka manowarini, naye ana umri wa miaka ishirini na saba.

Tumeandika "akaazimwa", wala si kwa kupamba maneno. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Alibaki afisa wa Malkia, akaitumikia serikali ya Seyyid.

Nasi twakiri kwamba aliifanya kazi yake vizuri. Hakuwategemea Waarabu na Wabulushi peke yao, bali aliwafungulia mlango Waafrika wa visiwani na Mrima waingie jeshini, na kwa muda mfupi akawa na maaskari mamia kwa mamia wanaojua kupiga kwata na kutii amri moja. Hakuwa mtu wa kujitenga nao. Barghash akampa cheo cha Brigedia-Jenerali, na mwaka 1881 akaacha kabisa utumishi wa manowari. Mwisho wa mwaka huo huo Kapteni Brownrigg, mkuu wa ile manowari London, aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi moja lililochukua watumwa. Mathews ndiye aliyetoka na askari wa Seyyid akamkamata nahodha wao, Hindi bin Hattam. Twaona basi kwamba hapo mwanzo aliyeazima na mwenye kitu walikuwa wakitaka jambo moja, na ilipokuwa hivyo hakuna aliyeuliza milki ni ya nani.

Huku bara mkono wake haukuwa mrefu. Mwaka 1880 Barghash alimtuma na askari aende Unyanyembe, ili watu wa bara waione nguvu ya bendera nyekundu. Askari hawakutaka kwenda mbali na kwao. Wengi wao wakatoroka njiani, na safari ikaishia Mamboya, katika nchi ya Usagara, ambako iliwekwa kambi ya askari wapatao sitini. Mwenye kuijua njia ya kutoka pwani kwenda Ugogo ajua Mamboya ni mbali kiasi gani na Unyanyembe. Seyyid alihesabu nchi hadi kwenye maziwa kuwa ni yake, lakini bunduki zake zilikomea Mamboya.

Pengo hilo liliwaingiza Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Mwezi wa Novemba 1884 Karl Peters alishuka Saadani na wenzake wachache, wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, pande zote hizi zinazotuzunguka, wakiwatia majumbe alama katika karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Jumbe asiyejua kusoma hata lugha yake aliambiwa kwamba ametoa nchi yake milele. Mwezi wa Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazipa karatasi hizo hati ya ulinzi.

Barghash akaghadhibika. Akampeleka Mathews Kilimanjaro katika mwaka huo wa 1885, apate kuwatia Wachaga na Wataita chini ya bendera yake kabla Wadachi hawajafika. Mathews akaenda, akawapata machifu zaidi ya ishirini waliotamka kwamba wao ni watu wa Sultani, na miongoni mwao ni Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Siku chache baada yake akafika Mdachi mmoja, Karl Jühlke, na Rindi huyo huyo akaandikiana naye pia. Twasikia watu wakimcheka Rindi kwa hayo. Sisi hatumcheki. Mtu aliyejiwa na wageni wawili katika mwezi mmoja, kila mmoja ana bunduki na bendera, angefanya nini?

Tena karatasi za Mathews hazikufaa kitu. Tarehe 7 Agosti 1885 Komodoro Paschen wa Ujerumani akafika mbele ya mji wa Unguja na manowari tano, akazielekeza kwenye jumba la Seyyid, akamtaka akubali himaya ya Wadachi bara. Barghash akawatazama Waingereza, waliomwazima jenerali na bunduki. Wakamshauri akubali. London ilikuwa na haja na urafiki wa Ujerumani katika mambo mengine ya Ulaya, na Usagara haikuwa na uzito mbele ya haja hizo. Jeshi lililofundishwa kwa miaka minane halikufyatua hata risasi moja; lilikuwa jeshi zuri, lakini mwenye kitu hakuruhusu litumike.

Mwisho wa mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakapatana wao kwa wao. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu kutoka maji yanapofika. Wasomaji wa Bagamoyo walikuwa ndani ya ukanda huo. Sisi wa Lugoba tulikuwa nje. Leo mtu akipanda gari Bagamoyo kuja Msata, maili hizo kumi azimaliza kabla hajakaa sawasawa kitini; na hapo ndipo babu zetu walipogawanywa, ndugu wa huku watu wa Mdachi, ndugu wa kule watu wa Seyyid, na hakuna aliyekuja kuwauliza.

Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Ndugu yake Seyyid Khalifa, mwezi mmoja baadaye, akaikodisha hata ile pwani ya maili kumi kwa Kampuni ya Wadachi kwa miaka 50. Mkataba ulisema Kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Maneno hayo yalipangwa ili watu wasishtuke, na ndiyo yaliyowashtua zaidi. Kampuni ilipoanza kazi mwezi wa Agosti ilitaka kutweka bendera yake kando ya ile ya Seyyid. Huko Pangani, Mdachi aitwaye Zelewski aliingia na mabaharia wenye silaha wakimtafuta liwali, na yasimuliwa kwamba waliingia hata msikitini katika siku za Idi Kubwa, na mbwa wao pamoja nao. Watu wakainuka. Kiongozi wao akawa Bushiri bin Salim al-Harthi, na Saadani akasimama Bwana Heri bin Juma, mtu ambaye hakupata kumnyenyekea hata Seyyid mwenyewe.

Mwezi wa Septemba Khalifa akamtuma Jenerali Mathews Pangani pamoja na askari kutuliza fitina. Safari hii twaona yafaa izingatiwe na kila kijana. Mathews hakwenda kupiga watu. Alikuwa akijua Kiswahili, alikuwa akijulikana, na amevaa nguo za jeshi la Sultani. Akawatoa wale Wadachi waliozingirwa, wakaenda zao Unguja salama. Lakini alipotaka kubaki na kusema na watu kwa jina la Seyyid, hawakumsikiliza. Walimwona kuwa ni Mzungu aliyekuja kuwahifadhi Wazungu wenzake, na bendera aliyoichukua ni ile ile iliyoandikwa katika mkataba wa kuwauza. Ikambidi aondoke.

Watu wa Pangani hawakuwa wamesoma mikataba. Waliyajua yaliyomo kwa kumtazama aliyeletwa. Wako wanaosema kwamba walimkosea mtu mwema, na huenda alikuwa mwema. Lakini wao hawakuwa wakiuliza wema wake. Waliuliza ametumwa na nani, na hapo hawakukosea.

Yaliyofuata yajulikana zaidi. Tarehe 22 Septemba manowari Leipzig, iliyokuwa na Amiri Deinhard, ilishusha mabaharia wapatao 260 Bagamoyo, na watu zaidi ya mia wakauawa siku hiyo. Mwezi wa Desemba, Deinhard na Amiri Fremantle wa Uingereza wakaifunga pwani yote kwa manowari zao, ati ni kuzuia watumwa na silaha. Mwaka 1889 akaja Wissmann na askari wa kukodiwa, Wasudani na Wazulu. Akaivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo mwezi wa Mei, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba. Bwana Heri aliendelea hadi mwaka 1890. Tutawaeleza habari za Bwana Heri siku nyingine inshaallah, kwani zastahili safu nzima.

Na turudi Unguja. Mwaka 1890 Wadachi waliinunua pwani yetu kwa marki milioni nne, na Unguja yenyewe ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwezi wa Oktoba 1891 Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Sultani. Na hapa wasomaji wakumbuke hukumu za ariya. Waziri huyo aliwekwa kwa sharti kwamba Sultani hana uwezo wa kumwondoa. Fedha, jeshi, forodha, polisi na bandari vikatiwa chini ya Wazungu, na Sultani akapangiwa posho yake ya mwaka katika nchi ya baba yake. Kitu cha kuazima kikawa hakirudishiki, na nyumba ikawa chini yake. Hatujui mlango wowote wa fiqhi wenye hukumu ya namna hiyo.

Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula. Seyyid Khalid akaingia katika jumba na kulishika, bila ya kungoja ruhusa ya Balozi. Mathews na Balozi Cave wakamwendea na kumwonya atoke. Akakataa, akakusanya watu wake, kadiri ya 2,800. Amiri Rawson akapanga manowari tano mbele ya jumba na kumpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Haikutimia saa moja jumba lilikuwa magofu yenye moto, watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza amejeruhiwa baharia mmoja. Merikebu Glasgow, iliyoundwa Ulaya kwa amri ya Seyyid Barghash baada ya ile tufani kumwacha bila merikebu, ilizamishwa pale pale bandarini.

Vitabu vya Kizungu huvitaja vita hivyo kwa kucheka, kuwa ndivyo vifupi kupita vyote duniani. Sisi twatazama upande mwingine wa mji, ambako watu hawatazami. Huko walikuwako askari 900 wa Unguja, watu weusi Waislamu, wamesimama na bunduki zao pamoja na Waingereza. Hilo ndilo jeshi lililoanzwa na Mathews mwaka 1877 kwa ajili ya Seyyid Barghash. Na huyo Khalid aliyekuwa ndani ya jumba ni mtoto wa nani? Ni Khalid bin Barghash. Baba aliazima jeshi limlinde, na miaka kumi na tisa baadaye jeshi hilo likasimama kinyume cha mwanawe.

Mchana wa siku hiyo akatawazwa Seyyid Hamoud bin Muhammad, na Mathews akaendelea na kazi zake. Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba. Twaiandika kwa furaha, na hatutamnyima Mathews sehemu yake. Ila na waliokuwa watumwa tuwasikilize: ilimpasa kila mmoja aende mwenyewe barazani kudai uhuru wake, mabwana ndio waliolipwa fidia, na masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909.

Mathews alifariki kwa malaria mjini Unguja tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Hakuwa dhalimu wa kupiga watu viboko. Waliomjua walimpenda, hata baadhi ya Waarabu. Kijana anayetaka kumchukia atapata taabu kumpatia ubaya wa kutosha, na ndiyo maana tumemchagua yeye tukawaacha akina Peters, ambao ubaya wao hauhitaji mwalimu.

Khalid alikimbilia kwa Balozi wa Kijerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akakaa huko hadi Waingereza walipomkamata katika vita vya kwanza vya dunia na kumpeleka Seychelles na Saint Helena. Mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mombasa ilikuwa ndani ya zile maili kumi za upande wa Waingereza, na juu ya ngome yake bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ingali ikipepea, na ikaendelea kupepea hapo hadi mwaka 1963.